Hesabuni Mikono

Maneno niliyozungumza na wapigaji wa vikundi vya taarabu uani mwa Ngome ya Lamu, baada ya sala ya isha. Nimeyaandika karibu kama nilivyoyasema, kwa sababu wengi waliomba wayapate.

Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Wazee wangu mlioketi mbele, akina mama, na nyinyi vijana mliojaa mpaka kwenye ngazi, nawashukuru kwa kuja. Kikundi kimoja kati yenu kimealikwa ng'ambo, kingine kinangoja viza, na wote mmeniuliza swali lile lile: vyombo tuvipakie na mizigo au tuvishike mkononi? Jibu langu ni kwamba mvishike mkononi. Lakini jibu hilo halitoshi, maana ukifika kwenye ndege si wewe unayeamua. Kazi ya kukibakisha chombo mkononi mwako inaanza wiki nyingi kabla ya safari, na hiyo ndiyo nimekuja kuizungumza.

Udi huu mnaouona mezani, chombo changu cha nyuzi, ulikuja Lamu kwa jahazi. Mjomba wangu aliupata Mukalla, akauvisha vikoi viwili, akaupakata kaskazi nzima mpaka akashuka nao hapa mjini. Alituambia kwamba hakuuweka chini ila aliposali. Wazee wetu wengi walisafiri na vyombo vyao hivyo hivyo. Siti binti Saad na wenzake walipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri, walikwenda kwa meli, siku nyingi baharini.

Mimi niliupeleka udi huu Ulaya kwa ndege. Safari ya usiku mmoja tu, na ukafika umevunjika.

Nitawaeleza ilivyokuwa. Nairobi, kwenye geti la kupandia, nilitoka kwenye foleni kwenda kutafuta maji ya kunywa. Niliporudi nilikuwa miongoni mwa watu watano wa mwisho. Mhudumu akanitazama begani, akasema makabati yamejaa, akafunga lebo kwenye mpini wa mfuko wangu na kuuchukua. Mfuko wenyewe ulikuwa wa kitambaa, una sifongo kidogo ndani. Sikuwa na karatasi yoyote ya kumwonyesha, na sikuwa na neno la kumwambia. Nilipoufungua chumbani kule nilikofikia, kichwa cha udi kilikuwa kimelala juu ya uso wake kama shingo ya kuku aliyechinjwa. Nyuzi ndizo zilizokuwa bado zimekishikilia. Usiku wa onyesho nilipiga udi wa kuazima ambao vidole vyangu havikuujua, na mpaka leo sipendi kuisikiliza rekodi ya usiku ule.

Kisha nikafanya kosa la pili, na hili liwekeni moyoni. Niliona haya kuwasumbua wenyeji wangu, nikasubiri nirudi nyumbani ndipo niandike malalamiko. Zilikuwa zimepita wiki tatu. Kampuni ikanijibu kwa adabu kabisa kwamba muda umekwisha. Na kwa sheria walikuwa sawa. Safari za ndege kati ya nchi na nchi zinafuata Mkataba wa Montreal wa mwaka 1999, na Kenya imo. Mkataba huo unasema mzigo uliokabidhiwa ukiharibika, mwenyewe alalamike kwa maandishi mara tu anapogundua, na isipite siku 7 tangu alipoupokea. Siku saba! Mimi nilikaa ishirini na moja.

Njooni mtazame hapa, penye kiungo cha shingo na kichwa. Mnauona mstari ule mweusi mwembamba kama unywele? Hiyo ndiyo gundi. Unalia vizuri, alhamdulillahi, lakini si ule aliokuja nao mjomba.

Baada ya hapo nilikaa nikahesabu mikono iliyougusa udi wangu tangu nilipotoka mlangoni kwangu Langoni. Ndiyo maana nikayaita mazungumzo haya hivyo. Watu wanaogopa anga, wanaogopa mawimbi ya hewa, wanaogopa mashine za kumulika mizigo. Mashine hizo haziudhuru udi hata kidogo, na angani chombo kimetulia. Chombo huvunjika pale kinapotoka mkono mmoja kuingia mwingine.

Sasa tuhesabu pamoja. Sisi watu wa Lamu hatutoki nyumbani tukaingia ndani ya ndege. Uwanja wetu uko Manda, ng'ambo ya mkondo. Kwanza yuko hamali au mwenye punda anayeteremsha mizigo mpaka gatini. Gatini kijana wa boti ananyoosha mkono: "Nipa, mwalimu, takishika mimi." Ananyoosha kwa wema, wala simlaumu, lakini boti inapanda na kushuka, na kusi likiwa limekaza maji ya chumvi yanaruka mpaka ndani. Manda kuna mkono mwingine wa kukupokea. Kisha kuna mkokoteni wa kwenda uwanjani, kuna mizani, kuna mpakiaji. Hujaiona hata Nairobi, na udi umeshapita mikono sita. Nairobi nako ndege nyingi ndogo za kutoka kwetu zinashukia Wilson, na za kwenda mbali zinaondokea Jomo Kenyatta, kwa hiyo katikati kuna teksi, na buti la teksi lililokaa juani tangu asubuhi. Vyombo vingi vya kizamani vimeunganishwa kwa gundi ya ngozi na mifupa, ambayo hulegea ikipata joto na unyevu. Nimeona fidla iliyofunguka ubavu mzima ndani ya gari bila ya mtu kuigusa.

Kila mkono mnaoweza kuuondoa katika hesabu hiyo, uondoeni. Kwenye boti, vaeni chombo mgongoni, mshuke na mikono mitupu, mfuko wa nailoni ukiwa juu yake. Mpeni kijana wa boti nguo zenu, viatu vyenu, zawadi zenu. Ndani ya teksi, chombo kikae nanyi kwenye kiti.

Ndege ndogo ndiyo mtihani wa kwanza, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu wageni wanaotuandikia ushauri hawaijui. Ile Cessna Caravan inayotua Manda ina viti kama kumi na viwili, na juu ya viti hakuna kabati. Mizigo inaingia ndani ya sanduku lililobandikwa chini ya tumbo la ndege, lenye vilango vifupi. Kwa ndege za namna hiyo mara nyingi unaruhusiwa kilo 15 tu, pamoja na ulichoshika, na wanataka mabegi laini yanayokunjika. Sasa tazameni shida yetu: ndege inataka begi laini, chombo kinataka sanduku gumu. Nimeona watu wakibishana kwenye mizani huku rubani anangoja. Msifike huko. Mnapokata tiketi, ulizeni ni ndege ya aina gani. Ikiwa ni ya makabati, kama Dash 8, mjue makabati yake ni membamba, fidla huenda ikaingia, udi hauingii. Ikiwa ni Caravan, nendeni ofisini kwao na chombo chenyewe, wakione. Mara mbili nimelipia kiti cha pili kwa ajili ya udi, ukafungwa mkanda kama abiria. Ni ghali, naijua mifuko ya wapiga taarabu, lakini gharama hiyo wekeni kwenye bajeti mnayompelekea aliyewaalika, tangu barua ya kwanza. Mwenyeji anayejua thamani ya mnachokwenda kupiga hatashangaa.

Na kama hakuna njia, vukeni Mokowe, mpande basi la Mombasa, chombo magotini, mkapande ndege kubwa huko. Barabara ya Garsen siku hizi ni lami. Ni mwendo mrefu, lakini mikono ni yako mwenyewe.

Tukifika kwenye ndege kubwa, swali ni kipimo. Kampuni nyingi mzigo wa mkononi wanauwekea urefu wa sentimita 55 hivi. Udi na sanduku lake unapita 80. Fidla katika sanduku la mstatili nayo inakaribia 80, ingawa ni nyembamba na kabatini inalala vizuri. Maana yake ni kwamba kwa vipimo vilivyoandikwa sisi tuko nje, na tunaomba. Marekani wana sheria: Bunge lao liliipitisha mwaka 2012, na kanuni zake zikaanza kutumika mwaka 2015, kwamba chombo kidogo cha muziki kiruhusiwe ndani ikiwa nafasi ipo wakati abiria anapopanda. Shikeni maneno hayo, wakati anapopanda. Hata kwenye sheria, aliyechelewa hana haki. Kampuni za kwingine nyingi zina ukurasa wa vyombo vya muziki katika kanuni zao. Usomeni, kisha waandikieni barua pepe mkitaja urefu, upana, kina na uzito, na namba ya safari. Wakijibu "sawa", chapeni jibu hilo kwenye karatasi. Simu inazima chaji, karatasi haizimi.

Kisha pandeni mapema. Msinunue maji dakika ya mwisho.

Getini, msiingie na chombo kama mnaoficha magendo. Nimeona vijana wanakipachika nyuma ya mgongo wa mwenzao ili mhudumu asikione, akikiona, ameshakasirika. Mwendee ana kwa ana. "Dada, habari za asubuhi. Hiki ni chombo cha muziki cha mbao, ni chepesi. Hii hapa barua ya ofisi yenu. Naomba nikilaze juu ya mabegi ya wenzangu, au kama mna kabati la makoti, kisimame humo." Lugha itakuwa Kiingereza au Kifaransa, lakini adabu iwe ya kwetu. Akikataa kabisa, bado kuna ombi moja: aruhusu mkibebe wenyewe mpaka mlangoni mwa ndege, kichukuliwe pale, na kirudishwe pale pale mtakaposhuka. Hapo mmeondoa mikanda ya mizigo, mmeondoa matoroli, na hesabu ya mikono imeshuka ikawa miwili au mitatu.

Mwaka 2008 mwanamuziki wa Canada, Dave Carroll, gitaa lake aina ya Taylor lilivunjika katika safari ya ndege, na matengenezo yakamgharimu dola 1,200. Akadai kwa miezi mingi bila kulipwa, mwishowe mwaka 2009 akatunga wimbo, dunia nzima ikaujua. Watu huisimulia habari hii kama ushindi. Mimi nikiisikia nawaza lile gitaa.

Kwa hiyo jiandaeni kama vile mtanyang'anywa, hata mkiwa na barua kumi.

Njoo wewe, mwanangu, ushike hapa. Kwanza nyuzi. Udi huu una nyuzi 11, jozi tano na mmoja wa peke yake, na zote zinalivuta daraja, yaani kile kijibao kinachozishika, lililogandishwa juu ya ubao wenye unene wa milimita 2 hivi. Zishushe kila moja kwa sauti moja au mbili. Usizilegeze zikaning'inia. Na nyinyi wa fidla ndio zaidi, maana ndani ya fidla kuna kijiti kilichosimama bila gundi, kinabanwa baina ya uso na mgongo. Mkilegeza nyuzi zote kinaanguka, daraja nalo linaanguka, na huko ugenini mtampata wapi fundi saa mbili kabla ya onyesho?

Pili, kichwa. Kiangalie kilivyokunjwa kurudi nyuma. Watu wengi wanaona kichwa ndicho dhaifu, basi wanakijazia matambara chini yake. Ndivyo nilivyofanya mimi. Sanduku likianguka chali, pigo linaingia kwenye matambara, linakisukuma kichwa, na kiungo kinakatika. Fanyeni kinyume. Chukua kikoi hiki, kikunje mara nne, kiweke chini ya shingo, hapa, karibu na kiungo lakini si juu yake. Kichwa kibaki hewani. Pitisha kidole chako chini yake. Kinapita? Vizuri. Sasa funika, uligeuze sanduku juu chini, ulitikise taratibu karibu na sikio lako. Umesikia kitu? Mimi nimesikia. Fungua. Ni hii risha ya kupigia nyuzi, na huu uvumba wa kupaka upinde wa fidla uliosahauliwa mfukoni. Kitu kidogo kama hiki, saa nane za safari, kinachimba uso wa udi kama mchwa. Ndani ya sanduku kiwemo chombo peke yake, na kanga iliyokizunguka.

Kuna adui mwingine ambaye hana mikono. Hewa ya Lamu ina maji. Mbao zetu zimeyanywa tangu zilipochongwa. Ndani ya ndege ya masafa marefu hewa ni kavu mno, unyevu wake hushuka chini ya asilimia 20, na ukifika Ulaya wakati wa baridi vyumba vyao vyenye moto wa kupasha ni vikavu vile vile. Ubao ukitoa maji haraka unanywea, na ukinywea huku pembeni umegandishwa, unapasuka. Kwa hiyo mkifika, msilifungue sanduku kwa pupa. Liacheni lifungwe saa kadhaa, lizoee joto la chumba. Kisha, safari ikiwa imekwisha, chukueni kisanduku cha sabuni cha plastiki, kitobolewe matundu, mtie kipande cha sifongo kilicholowa na kukamuliwa vizuri, kikae ndani ya sanduku mahali kisipogusa mbao.

Wenye vinanda vya umeme na kompyuta, kwenu nina machache. Betri za akiba na pawabenki ni marufuku kwenye mizigo ya chini, ziwe mkononi. Mpaka wati-saa 100, ambacho ni kipimo cha nguvu ya betri, mnapita bila ruhusa. Kati ya 100 na 160 mwombe kampuni, tena zisizidi mbili. Pawabenki ya mAh 20,000 ni wati-saa 74, haina neno. Koleo za kukatia nyuzi na bisibisi ziwekeni kwenye mizigo ya chini, na vanishi iacheni nyumbani kabisa, maana inashika moto.

Na forodha. Zumari la mpingo lisiwatie hofu. Mpingo na jamaa zake wengi waliingia mwaka 2017 kwenye orodha ya CITES, mkataba wa dunia wa kulinda mimea na wanyama walio hatarini, lakini tangu mwishoni mwa 2019 chombo cha mpingo kilichokwisha tengenezwa hakihitaji kibali. Kipande cha mpingo kibichi cha kumpelekea fundi rafiki ni habari nyingine, kinahitaji. Pembe ya ndovu na gamba la kasa, hapana. Najua baadhi ya nyumba zetu bado zina risha za gamba la kasa walizoacha wazee, na zina sauti tamu. Zibaki nyumbani. Chombo kizima kinaweza kuzuiwa forodhani kwa ajili ya risha moja. Ngoma na gambusi zenye ngozi ya mbuzi zitangazeni mnapoingia nchi za watu, hasa Australia, ambako ngozi wanaikagua sana.

Kabla ya kutoka nyumbani pigeni picha, chombo pande zote nne, na kiungo hiki kwa karibu, siku ile ile ya safari. Mkifika, ikiwa chombo kilikabidhiwa, msingoje zile saa za kuzoea joto: kifungueni kidogo mkikague pale pale uwanjani, mbele ya kaunta yao, kabla ya kuvuka forodha, kisha mkifunge tena. Kikiwa kimeumia, msitoke bila karatasi yao ya taarifa. Usiku huo huo andikeni malalamiko. Mkataba unawawekea kikomo cha fidia, siku hizi ni SDR 1,519, yaani fedha ya hesabu ya Shirika la Fedha la Kimataifa, ambazo ni kama dola 2,000 za Marekani kwa abiria. Kama chombo chenu kina thamani zaidi ya hiyo, unaweza kutangaza thamani yake unapokikabidhi na kulipa nyongeza wakikudai, au kukikatia bima. Na jueni tofauti hii: kilichokuwa mkononi mwenu kikivunjika, ni juu yenu kuonyesha kwamba kosa ni lao.

Binti wa nyuma pale ameuliza habari ya kile chombo kiitwacho kanuni, na swali lake ni zuri, maana kanuni ni nyuzi 78 juu ya ubao mpana usioingia kabati lolote, na daraja lake linakanyaga ngozi inayobadilika kwa kila hewa. Mimi, mwanangu, kanuni nisingeisafirisha bila kiti chake. Kama kiti hakipatikani, mwandikie mwenyeji wako akutafutie kanuni huko huko, uende siku mbili kabla uizoee, na ubebe nyuzi zako na pete zako za vidoleni.

Kesho baada ya alasiri nitakuwa karakana. Njooni na vyombo, na masanduku kama mnayo, na mtu mmoja alete futi ya kupimia, yangu imekatika. Tutaanza na wale wanaosafiri mwezi huu.